Utumbo wa Udongo

Habari za kifo cha Mzee Ambokile ziliponifikia, kwanza nilipata nafuu, halafu nikaona haya kwa kupata nafuu. Nilikuwa nimemwogopa mtu yule tangu enzi ya Mjerumani, tangu nikiwa mtoto wa miaka kama kumi hivi, na woga wenyewe haukukubali kuzeeka pamoja nami. Mimi nimeota mvi na goti la kushoto limenisaliti, lakini woga ulibaki mbichi vilevile. Nikimwona sokoni Ngonga nilivuka njia, nikajifanya naulizia bei ya vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Alipobatizwa uzeeni na kuanza kuja kanisani kwetu, nilihamia benchi la nyuma kabisa, na mchungaji akanisifu kwa unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ilikuwa hofu tupu. Msibani nilikwenda, maana kutokwenda kungezua maswali. Tulikaa kwenye mikeka tukala wali na maharage, wanaume wakabishana juu ya kakao na mvua, na mzee akazikwa bila mtu kuligusa tumbo lake kwa kisu. Vijana waliokuwapo hawajui kwamba zamani mambo hayakwenda hivyo. Siku nne baadaye Lwitiko, mtoto wa pekee aliyebaki katika nyumba ile, alikuja kwangu na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kaniki. Kifurushi nitakieleza kwa zamu yake. Kwanza nieleze mwaka mmoja ambao sijamsimulia mtu, hata marehemu mume wangu aliyekuwa na subira ya kusikiliza kila kitu.

Ukoo wangu nauacha. Wenyewe wameshausifu vya kutosha. Itoshe kujua kwamba mama yangu alikuwa Mkisi, na wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi kama wanaume wao walivyo wavuvi. Baba alipokufa maji, mama alinipakia mtumbwini pamoja na vyungu vyake, tukaondoka ufukweni chini ya milima ya Ukinga, tukaja kukaa tambarare ya Wanyakyusa, si mbali na Mwaya, ambako vyungu vilikuwa haba na ndizi tele. Tulipewa chumba kimoja cha mianzi iliyokandikwa, nusu yetu na nusu ya vyungu. Udongo mbichi ulilala kwenye kona, umefunikwa majani ya migomba yaliyoloweshwa, na harufu yake ya tope la ziwa ndiyo niliyolalia na kuamkia. Mama hakuuza kwa fedha. Mtu alichukua chungu na kukilipia kwa mahindi au maharage yanayokijaza, basi. Alikuwa na sheria moja tu ya kazi: hakuna kitu kilichotoka mlangoni kwetu bila rangi. Shingoni mwa kila chungu zilizunguka pembetatu nyekundu na nyeupe, zimeshikana kama watoto wachezao. “Chungu kisicho na rangi ni mtu aliyetoka nyumbani uchi,” alikuwa akisema. Kuchora ilikuwa kazi yangu tangu nilipoweza kushika unyoya wa kuku bila kuutia mdomoni.

Mwaka huo alikuja Mwalimu Yoramu, kijana mwembamba kutoka milimani, amesoma misheni, ana koti moja linalombana kwapani. Shule ilikuwa banda la mianzi lenye matobo badala ya madirisha, na sisi tulikaa chini juu ya mikungu mikavu. Vitabu hatukuwa navyo, kwa hiyo alitushikisha vitu. Moyo ulikuwa kibuyu kilichofungwa ngozi ya mbuzi mdomoni. Ukiibonyeza ngozi, maji yanaruka kupitia bua upande wa pili. Mapafu yalikuwa vibofu viwili vya mbuzi tulivyovipuliza kwa unyasi mpaka mashavu yakauma. Mtu akisema ameelewa, mwalimu alimjibu, “Usiniambie wewe. Mikono yako imeelewa?” Nami nilimpenda kwa hilo, kwa sababu mikono ndiyo kitu pekee nilichowazidi wenzangu. Walikuwa wakinicheka jinsi nilivyosema Kinyakyusa kwa ulimi wa Kikisi, lakini hakuna aliyecheka vidole vyangu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa pande zile alilijua bila kufundishwa. Uchawi, walisema, ni chatu. Mchawi ana chatu tumboni mwake, na chatu huyo hutoka kwenda kuwala watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo mtu akifa kwa namna isiyoeleweka, aliitwa mzee wa kupasua, maiti ikafunguliwa tumbo, naye akatazama na kutamka kama marehemu aliliwa. Kwetu mzee huyo alikuwa Asajile, mtu mfupi, mpole, mwenye kucha safi kuliko za mtu yeyote kijijini. Akisema ameliwa, mshukiwa alinyweshwa mwafi, dawa chungu ya gome la mti. Akiutapika, ni safi. Usipotoka, amekwisha. Mjerumani alikuwa ameukataza mwafi, lakini boma lilikuwa mbali na miti ilikuwa karibu. Na mshukiwa wa kwanza, kwa desturi ya dunia nzima nadhani, ni mgeni. Mama alilijua hilo. Alisalimia kila mtu njiani mpaka nikaona aibu, na hata aliyemjibu kwa kukunja uso alimwambia ndaga, asante.

Jioni moja mwalimu alitukuta tukila mbalaga, ndizi zilizopikwa na maziwa, akakaribishwa, akala kama mtu asiyejua atakula tena lini. Kisha akatoa kwenye koti karatasi aliyoichora mwenyewe, akiiga picha kubwa aliyoiona ukutani kwa bwana wa dawa kule misheni.

“Mama, nataka unifinyangie chungu cha mtu.”

“Cha mtu gani?”

“Mtu yeyote. Kifua na tumbo, na mfuniko kwa mbele. Ndani viwemo vyote, moyo, mapafu, ini, utumbo. Watoto wavitoe kwa mikono yao na kuvirudisha.”

Mama aliacha kutafuna. “Nimfinyange mtu, nimjaze na matumbo? Hapa? Mimi, Mkisi?”

“Ni somo tu, mama.”

“Somo lako litanizika, mwalimu.”

Hakubishana naye. Alininyooshea kidole mimi, niliyekuwa nalamba bakuli. “Mtazame huyu. Mtazame tumbo lake, halafu mikono yake. Nusu ya watoto wangu wako hivyo. Ni minyoo. Dawa ipo kwa bwana wa dawa, bure, lakini nikiwaambia wazazi wanasema tumbo la mtoto lina mambo yake. Nikimwonyesha mtoto njia ya chakula ilivyo, akaishika, atanielewa, na atakwenda kuwasumbua wazee wake mpaka wakubali. Watoto wanajua kusumbua.” Mama alinitazama tumboni kwa muda mrefu, mpaka nikalivuta ndani. Ndivyo alivyokubali. Nimelifikiria mara nyingi jambo hilo: hakukubali kwa ajili ya elimu, alikubali kwa ajili ya tumbo langu.

Alifinyanga kiwiliwili kizuri ajabu, chenye mabega ya mtungi, na mfuniko wake akaupa kitovu kiwe kishikio. Alifinyanga moyo, mapafu na ini. Utumbo alikataa. “Huo sitaugusa,” alisema, na akaugeuzia mgongo kabisa. Basi mwalimu akaniletea utumbo wa mbuzi kwenye jani, nikautazama, nikaufinyanga mimi. Udongo mnene hupasuka motoni, kwa hiyo niliuviringisha juu ya unyasi ubaki na uwazi ndani, nikaukunja mizunguko mikubwa, kisha nikaubonyezabonyeza kwa ncha ya kidole, kishimo baada ya kishimo, ufanane na ule wa mbuzi. Siku ya kuchoma, mama alikwenda kukata matete. Niliachwa na vipande vidogo nivipange. Nikauangalia utumbo wangu, mwekundu wa udongo, uchi kama alivyosema mama, na nikachukua unyoya. Pembetatu nyeupe, pembetatu nyekundu, kutoka mwanzo wa utumbo hadi mwisho, na doa jeupe katika kila kishimo. Naapa kwa Kyala sikumwona chatu. Niliona chungu.

Mama alipoufukua kutoka kwenye majivu, alikaa chini palepale. “Nani amekuambia uchore?” aliuliza. Nikamjibu, “Wewe, mama. Ulisema kila kitokacho.” Aliusugua kwa mchanga, akausugua kwa majivu, mpaka vidole vyake vikachubuka. “Rangi iliyopita motoni haitoki,” alisema, akawa kama anajiambia mwenyewe. Alikuwa ameuinua auvunje jiweni mwalimu alipotokea mlangoni akipiga makofi kwa furaha. Mama alimweleza. Yule kijana msomi akacheka. “Rangi ni rangi tu, mama. Watafurahi.” Wasomi wana upofu wao wa pekee, nami baadaye nimekuwa mmoja wao, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Asubuhi ya somo alikiweka chungu cha mtu juu ya gogo, na tulipoona kitovu tulicheka sana. Akakishika kitovu, akaondoa mfuniko. Kicheko kilikatika. Mbele yetu lilikuwa tumbo la mtu lililofunguliwa, na ndani yake kimejikunja kitu chenye mabakabaka, kikimeta. Mtoto mmoja alipiga yowe, “Chatu!” na shule nzima ikatoka nje kupitia matobo, waliokuwa wanene walikwama, wakasukumwa. Mimi sikukimbia kwa sababu miguu haikunitii. Mwingine ambaye hakukimbia alikuwa Tumpe. Alikuwa rafiki yangu wa pekee, binti yake Ambokile, mwenye tumbo kubwa kuliko langu na mdomo usiojua kufungwa. Alisogea, akautoa utumbo kwa mikono miwili, akauvaa shingoni kama shanga, akawaita waliokuwa nje. “Njooni, waoga! Mbona haniumi?” Mwalimu alitabasamu. “Mmeona? Mikono ya Tumpe imeelewa. Jumatatu tutasoma minyoo, na Jumanne nitawapeleka wote kwa bwana wa dawa.”

Jumatatu tulikuwa watoto wawili shuleni. Tumpe hakuwamo, baba yake alikuwa amemfungia. Somo la minyoo halikufundishwa. Kisimani niliwasikia wanawake walionipa mgongo wakidhani sijafika. “Mkisi anafinyanga chatu,” alisema mmoja. “Anawasafirisha ndani ya vyungu.” Mwingine akasema, “Ndiyo maana alikuja na vyungu vingi hivyo.” Wa tatu akauliza, “Na sisi tunaopikia humo?” Yule wa kwanza akasema vyake ni vya zamani, havina neno. Siku ile ningecheka kama si hofu. Hofu ilikuwa imeanza kunikaa tumboni, ikizunguka, na mimi, mtoto niliyeufinyanga utumbo kwa mikono yangu, nilianza kujiuliza usiku kama kweli kinachonguruma mle ndani si chatu, na kama si mimi niliye nacho.

Mwezi ulikuwa haujaandama Tumpe alipougua. Nilisikia kwamba tumbo lake limekuwa gumu kama kinu, kwamba anatapika kila anachopewa, kwamba analia akimwita mama yake ambaye amekaa papo hapo kando yake. Sikuruhusiwa kwenda. Siku ya tatu vilio vilisikika hadi kwetu, na mama akaosha mikono yake ya udongo polepole sana, kana kwamba akimaliza kuiosha jambo litakuwa kweli. Alasiri Ambokile alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, na hakupaza sauti. Heri angepaza. “Mkisi,” alisema, “mwanangu alimvaa chatu wako shingoni. Kesho Asajile atamfungua. Akisema ameliwa, utakunywa.” Akaondoka, akipita katikati ya vyungu bila kukigusa hata kimoja.

Mwalimu alikuja mbio, koti limefunguka. Alitaka kwenda bomani. Mama alikuwa akikaanga usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na aliendelea kuwageuza. “Ukileta askari watachoma nyumba za watu hawa na kuwapeleka na minyororo,” alisema. “Halafu wataondoka. Mimi nitabaki na nani? Na nikikimbia usiku huu nitakuwa nimekiri.” Alinipa usipa wote, wake na wangu. Kisha akanishika kidevu. “Gwe mwana, nisikilize. Wakiuliza nani alichora, wewe hujui kitu. Ni mimi niliyechora. Umesikia?” Nikasema nimesikia. Na sasa niandike lile nililolificha miaka yote hii: nilifurahi. Mama yangu alijitwika kifo changu kichwani kwake, na kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu hakikuwa huruma kwake. Ilikuwa furaha kwamba si mimi. Nikala usipa wote.

Siku iliyofuata ua wa Ambokile ulijaa. Wanawake walikuwa wakipika ndizi na maharage kwa ajili ya waombolezaji, na mimi nilijipenyeza nyuma ya ukuta wa jiko, jicho kwenye ufa wa mianzi. Mama alikaa peke yake katikati ya ua, mikono mapajani. Kando ya Ambokile kulikuwa na kibuyu, mdomoni kina povu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Asajile alikuwa nyuma ya migomba na maiti ya rafiki yangu. Alitoka, akanawa, akanawa tena, akakausha kila kidole.

“Chatu sikumwona,” alisema. “Nimeona minyoo. Mingi, imejifunga fundo, imeziba njia ya chakula.”

“Minyoo ni watoto wa chatu!” mtu mmoja alipaza sauti, na watu wakavuma. Asajile aliwaacha wavume. Halafu akasema, “Kileteni hicho chungu cha Mkisi.”

Mwalimu alikileta mwenyewe, amekikumbatia. Mzee alikaa chini, akashika kitovu, akafungua. Alitoa kipande kimoja kimoja, akakipima mkononi, akakiweka kwenye jani la mgomba. Alipofika kwenye ini aliinua macho.

“Mwalimu, hili umeliweka kushoto.”

Mwalimu alitoa karatasi yake, akaitazama, akajigusa mbavu. Nilimwona akielewa. Aliiga picha ya mtu aliyemwangalia usoni, akaweka kulia kwa yule mtu kulia kwake mwenyewe. “Nimekosea, baba,” alisema.

“Ini liko kulia. Nimewafungua wengi.” Akaligeuzia upande wake. “Mengine ni sawa. Na huu pia ni sawa.” Alikuwa ameushika utumbo wangu. “Kila niliyemfungua, mwema na mbaya, anao. Ninyi nyote hapa mnao. Nami ninao.”

Nimekuja kujua ukubwani jambo lile lilimgharimu nini. Mtu yule alikuwa akiheshimiwa kwa kuona wasichokiona wengine, naye alikuwa akiwaambia kwamba kilichomo ni kilekile. Lakini Ambokile hakutikisika. “Utumbo wa mwanangu ulikuwa na mabaka haya?” aliuliza.

“Haukuwa nayo.”

“Basi huo ni chatu.”

Asajile alinyanyuka kwa taabu, akaja jikoni, karibu nami kiasi kwamba niliisikia pumzi yake. Aliwaambia wanawake wainue chungu kilichokuwa motoni. Wakakiinua kwa majani. Shingoni, chini ya masizi, zilizunguka pembetatu nyekundu na nyeupe. “Mmekula humu tangu jana,” alisema. “Huyu naye ni chatu?” Mwanamke mmoja aliutupa mwiko. Mwingine akacheka, akajiziba mdomo. Wengi waliinamisha vichwa, na nikadhani imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ambokile alimfuata mama mpaka akamsimamia. “Nani alichora?”

“Mimi,” mama alisema. “Kila chungu changu nakichora.”

“Somo lilifungwa kwa sababu ya rangi hii. Mwalimu mwenyewe alikiri kwangu jana, dawa ilikuwapo. Ni rangi iliyomfungia mwanangu ndani. Basi chatu au si chatu, aliyechora atakunywa.”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka ladha ya moshi ulioingia. Nilijua maneno yenyewe, ni machache, mtoto wa miaka miwili anaweza kuyasema: ni mimi. Hayakutoka. Kibuyu kiliinuliwa, mama akanyoosha mikono kukipokea, na mimi nikasimama nyuma ya ukuta na mdomo wazi. Ambokile aliinama akauokota utumbo kutoka kwenye jani, nadhani ili auinue watu wauone mara ya mwisho. Hakuuinua. Alikuwa akiupapasa. Kidole chake kilikwenda kishimo kwa kishimo, kikasimama, kikarudi. Watu walianza kukohoa. Kisha akageuza uso, na hakumtazama mama. Alitazama ukuta wa jiko, ufa uleule, na nikahisi haja ndogo ikinitiririka miguuni. Alichukua kibuyu mikononi mwa mama na kumwaga mwafi wote chini.

“Yaishe,” alisema. “Hiki nakichukua.” Akaingia nyumbani na utumbo wangu mkononi.

Hakuna aliyejua kwa nini. Wengine walisema aliogopa boma, wengine walisema Asajile alimwekea dawa. Mimi nilijua la kwangu: ameniona, amekichukua kile kitu ili siku moja anirudie nacho. Nilimngoja. Mwalimu alihamishwa kabla ya mavuno na sikumwona tena. Vita vya wazungu vilikuja, vikapita, Mjerumani akaondoka, na mimi bado nikimngoja Ambokile. Mama aliendelea kufinyanga, akafa kwa uzee kitandani mwake, na hata siku ile sikuweza kumwambia kwamba usiku wa usipa nilifurahi. Nikawa mwalimu. Wanafunzi wangu walifinyanga jicho, sikio na moyo, lakini nilikataza rangi kwa ukali uliowashangaza, wakaniita Mwalimu Bila-Rangi wakidhani sisikii. Somo la tumbo nilimwachia mwalimu mwingine kila mwaka. Nilikuwa na visingizio vingi, na vyote vilikubaliwa.

Lwitiko alipofungua kaniki juu ya meza yangu, nilijua kabla hajamaliza. Ulikuwa umevunjika mahali pamoja na kuunganishwa kwa nta. Pembetatu zote zilikuwapo.

“Nimeukuta chini ya kitanda cha baba,” alisema. “Aliniambia kabla hajafa: mpelekee mwenyewe.”

Nilitaka kuuliza mwenyewe ni nani, kwa mazoea ya uoga. Badala yake nilisema, kwa sauti niliyoitafuta tangu nyuma ya ukuta ule, “Ni mimi niliyechora, mdogo wangu. Si mama.”

“Tunajua, dada.”

“Mnajua tangu lini?”

“Baba alijua palepale. Alisema alijaribu kidole chake kwenye hivi vishimo, hakikuingia. Akajua ni mkono wa mtoto.” Lwitiko alitazama chini. Alizaliwa baada ya Tumpe kufa, hakumwona hata mara moja. “Alisema, ‘Kidole cha Tumpe kingeingia.’ Basi hakuweza.”

Tulikaa. Sijui nililia kwa muda gani, chai ilipoa. Mwishowe nikamuuliza kama mzee alisema neno lingine juu yangu.

“Alisema alikuwa akikuona sokoni unavuka njia,” Lwitiko alijibu. “Alikuwa akishukuru. Alisema hakujua angemtazamaje usoni mtoto ambaye yeye mwenyewe alikaribia kumnywesha mama yake sumu.”

Alipoondoka, nilijaribu kidole changu cha shahada kwenye kishimo cha kwanza. Kiligoma. Nje, mjukuu wangu Atupele alikuwa akianua kakao, mikono yake imejaa vumbi, naye alikuwa akila embe kwa mikono hiyohiyo. Nilimwita. Nilimwambia anawe kwanza. Alikuja akinung'unika, akauona ule utumbo mezani, akarudi nyuma hatua moja. “Bibi, hicho ni nini?” aliuliza. “Nyoka?”

Nikauchukua, nikamwekea mikononi mwake, nikamwambia aushike vizuri, usianguke. Kisha nikavuta kiti na kuanza somo la Jumatatu.